Uzi: Alex Anthopoulos alivyoiacha Blue Jays 2015, cheo alibakiziwa ila kauli ya mwisho ikapelekwa kwa mwingine

#1 MwanaChumbageni (mtoa uzi)

Wakuu habari za muda huu. Najua humu jukwaani wengi ni watu wa mpira wa miguu na mi mwenyewe nimekulia huko huko, ila leo naomba mnivumilie nilete habari ya besiboli, sababu kuna jambo limenikaa moyoni tangu 2015 na kila nikisikia mtu kaletewa bosi mpya juu ya kichwa chake nalikumbuka. Ni habari ya Alex Anthopoulos na Toronto Blue Jays.

Kwa wasioufuatilia huu mchezo, yule anayekaa benchi kavaa jezi anaitwa meneja, huyo ndo kama kocha wetu. Meneja mkuu ni mtu mwingine kabisa, yuko ofisini, ndo anasajili, anabadilishana wachezaji na timu zingine, anaamua nani apewe mkataba wa miaka mingapi, maskauti (watafuta vipaji) wako chini yake, timu za vijana ziko chini yake, na huyo kocha wa benchi anamweka yeye na kumtoa yeye. Juu yake kuna rais wa klabu, na juu ya rais kuna mwenye timu. Zamani rais alikuwa mtu wa tiketi, uwanja, matangazo na hela, mambo ya wachezaji anamwachia meneja mkuu. Shikeni hapo kwanza maana kila kitu kilichotokea kimetokea hapo.

Mwenye timu ya Toronto ni Rogers, kampuni ya simu na televisheni. Walinunua asilimia 80 mwaka 2000, baadae wakachukua yote, halafu wakanunua na uwanja, SkyDome, kwa dola milioni 25 hivi za Kanada, uwanja uliojengwa kwa zaidi ya milioni 500, wakaubandika jina lao. Kwahiyo timu yao, uwanja wao, chaneli inayoonyesha mechi yao, hata laini ya simu unayopigia kununua tiketi inaweza kuwa yao. Hawa si tajiri mmoja mpenda mchezo anayekaa jukwaani na familia, ni bodi, ni hisa, ni mahesabu ya kila robo mwaka.

Rais alikuwa mzee Paul Beeston. Huyu ndo mfanyakazi wa kwanza kabisa wa klabu, aliajiriwa 1976 timu ikiwa haijacheza hata mechi moja. Beeston alikuwa anamwachia Alex kazi, akitaka hela ya kusajili anapanda nayo juu kwa Rogers kumtetea, ila nani asajiliwe hilo analiamua Alex.

Na Alex mwenyewe ni kijana wa Montreal, asili yake Mgiriki. Alianza 2000 pale Montreal Expos akipanga barua za mashabiki, bila mshahara, akawa anajiiba kwa maskauti kuwauliza maswali mpaka wakamzoea. Oktoba 2009 anapewa umeneja mkuu Toronto ana miaka 32. Timu ilikuwa haijagusa pleyofu, yaani mechi za mtoano za mwisho wa msimu, tangu ilipobeba ubingwa 1993.

Ngoja nipate chai narudi na sehemu ya pili.

#2 Kijiko Kikubwa

Nimeweka kambi mkuu. Besiboli sijui hata mpira unapigwa kuelekea wapi ila habari za wenye timu na watendaji wao nazipenda.

#3 MwanaChumbageni

Karibu mkuu. Naendelea.

Sitaki kumfanya Alex malaika. Mwisho wa 2012 alifanya usajili mkubwa mpaka Kanada nzima ikaamini ubingwa umerudi. Alichukua Jose Reyes, Mark Buehrle na Josh Johnson kutoka Miami kwa mpigo, kisha akamchukua mrushaji R.A. Dickey kutoka New York Mets, na kwa ajili ya Dickey akawatoa vijana wawili, Noah Syndergaard na Travis d'Arnaud. Syndergaard akaja kuwa moto kweli kweli huko Mets. Toronto 2013 wakashika mkia kwenye kundi lao, ushindi 74 vipigo 88. Pale angefukuzwa nisingeshangaa.

Ila hawakumfukuza, na alijifunza. Novemba 2014 akampata Josh Donaldson kutoka Oakland kwa kumtoa Brett Lawrie na vijana watatu, na Donaldson 2015 akawa mchezaji bora wa ligi ya American, moja ya ligi mbili kubwa za kule, homurani 41 (homurani ni mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja). Halafu ikaja ile wiki ya Julai 2015. Mi nilikuwa Toronto mwaka wa pili, naosha vyombo kwenye mgahawa wa Mgiriki pale Danforth, na jikoni kulikuwa na redio ndogo nyeusi antena yake imefungwa na waya wa kufungia mifuko ya mkate. Timu ina ushindi 50 na vipigo 51. Yaani ya kawaida tu, ndo zile timu ambazo meneja mkuu muoga anasema tujenge mwakani. Tarehe 28 Alex akamchukua Troy Tulowitzki kutoka Colorado. Tarehe 30 akamchukua David Price kutoka Detroit, mrushaji bora sokoni. Tarehe 31 akamalizia na Ben Revere. Siku nne. Mzee mwenye mgahawa, ambaye kwa vile Alex ni Mgiriki alikuwa anamwita kijana wetu kama vile wamezaliwa mtaa mmoja, kila jina likitajwa anatoka mbele anakuja jikoni kutuambia wakati sisi tumeshasikia.

Price akashinda mechi 9 akapoteza 1. Timu ikamaliza na ushindi 93, ikaongoza kundi mbele ya Yankees. Pleyofu baada ya miaka 22!

Tarehe 14 Oktoba, mechi ya 5 na Texas, mechi ya kuamua nani anasonga. Mechi ina zamu 9 za kupiga, ikiwa sare zinaongezwa, na siku hiyo zamu ya 7 peke yake ilichukua dakika 53 wakuu. Mdakaji wa Toronto, Russell Martin, anamrudishia mpira mrushaji wake kama anavyofanya kila siku ya Mungu, mpira ukagonga gongo la mpigaji wa Texas, Shin-Soo Choo, aliyekuwa bado amesimama pale, ukatambaa pembeni, Texas wakapata pointi. Uwanja ukachafuka, chupa zikarushwa. Toronto wanaingia kupiga, Texas wakafanya makosa matatu mfululizo, halafu Jose Bautista akaupiga ule mpira, pointi tatu, akalitupa gongo kule, mnaikumbuka picha hata kama hamfuatilii. Mi nilikuwa nimeshika sufuria ya supu tupu mkononi. Sijui niliiweka wapi, ilitafutwa baadae.

Sasa wakati haya yote yanatokea, tarehe 31 Agosti, timu iko kileleni inapumua, Rogers walishatangaza kwamba Beeston anastaafu na rais mpya ni Mark Shapiro kutoka Cleveland. Na Shapiro si mtu wa tiketi. Alikuwa meneja mkuu Cleveland miaka mingi kabla hajapanda kuwa rais. Ni mtu wa wachezaji. Ukimleta mtu wa wachezaji awe rais unajua umefanya nini.

Timu ikatolewa na Kansas City hatua ya mwisho kabla ya World Series, yaani fainali, tarehe 23 Oktoba. Mkataba wa Alex ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo huo. Tarehe 29 akatangaza anaondoka. Alikuwa amewekewa mezani mkataba wa miaka mitano. Akaukataa. Na siku hiyo hiyo jarida la Sporting News likamtangaza mtendaji bora wa mwaka wa besiboli nzima.

#4 Wa Kisauni

Weh! Miaka mitano akakataa? Na hakuwa ameitwa kwingine?

#5 MwanaChumbageni

Hakuwa na kazi ndugu yangu. Aliondoka mikono mitupu, ana mke na watoto, yuko nchini kwake, timu aliyoijenga mwenyewe. Mbele ya waandishi hakumsema mtu. Alisema tu kwamba aliona mahali hapamfai kwa safari inayokuja, wakamuuliza na kumuuliza, akabaki hapo hapo. Hakuwahi kutoka kulalamika mpaka leo. Ila kila mtu mjini alielewa, kwamba cheo cha meneja mkuu kingebaki kwake ila neno la mwisho kwenye usajili lingehamia kwa Shapiro. Zilivuma na stori kwamba Shapiro alimsema kwa kutoa vijana wengi mwezi Julai, mi stori hiyo sijengei hoja sababu hata uitoe, jambo lenyewe liko pale pale.

#6 Mhasibu Mstaafu

Mtoa uzi umeandika vizuri lakini naomba nipinge kwa heshima. Mwenye mali ana haki ya kuamua nani aongee mwisho. Rogers ndio wanaolipa. Huyo Alex katoa vijana kama kumi na kitu ndani ya mwaka mmoja, akaacha shamba tupu, mwenye shamba akimleta msimamizi wa kuangalia mbegu kosa lake nini? Tena hawakumfukuza, walimpa miaka mitano. Mtu akipewa miaka mitano akakataa kwa sababu hataki kuulizwa, mimi naita hiyo ni kiburi. Na mwaka uliofuata 2016 timu ilifika hatua ile ile bila yeye.

#7 MwanaChumbageni

Mzee wangu shikamoo, na nashukuru umekuja na hoja. Nianze na hili la kiburi maana ndo lililonifanya nifungue uzi.

Mtu mwenye kiburi cha cheo haendi kukaa chini zaidi ya alipokuwa. Januari 2016 Alex alienda Los Angeles Dodgers kama makamu wa rais. Pale bosi ni Andrew Friedman, meneja mkuu ni Farhan Zaidi, yeye yuko chini yao. Alikaa miaka miwili kimya, anajifunza, anasaidia. Kwahiyo kufanya kazi chini ya mtu hakukuwa shida yake hata kidogo. Shida ni kubaki kwenye kiti kile kile, na bango lile lile mlangoni, mashabiki wanakulaumu wewe usajili ukibuma, maskauti wanakuja kukuuliza wewe, na wewe unajua kwamba ukimpigia simu meneja mkuu wa timu nyingine mkakubaliana, bado unatakiwa useme subiri kwanza nikaulize. Kule Los Angeles kila aliyekuwa anaongea nae alijua yeye ni msaidizi. Toronto angekuwa anaitwa bosi na si bosi.

Na biashara ya kubadilishana wachezaji ni ya simu mzee wangu, ya dakika. Ile wiki ya Julai isingewezekana kwa mtu anayeenda kuuliza. Price alipatikana siku moja kabla ya dirisha kufungwa.

2016 walifika hatua ile ile kweli, ila angalia kikosi ni cha nani. Donaldson, Bautista, Tulowitzki, Encarnacion, Martin, wote walikuwemo kwenye kikosi alichokiacha Alex. Na waliowatoa ni Cleveland, mechi 4 kwa 1, kikosi ambacho sehemu yake kubwa kilijengwa wakati Shapiro yuko huko. Hilo nampa Shapiro, ni mtu anayejua kazi. Sijaja hapa kumtukana.

Hoja yako ya mwenye mali ana haki naikubali yote. Haki wanayo. Ninachosema ni kwamba haki hiyo ina bei, na bei yake ni kwamba ukichukua kauli ya mtu uliyemwajiri kwa ajili ya kauli yake, jiandae kumpoteza. Rogers walifanya kama vile watapata vyote viwili.

#8 Binti wa Mikindani

Hamjambo humu. Mi niko Florida na hili suala limetokea hapa kwetu pia, tena kwa mwanamke. Kim Ng, Miami Marlins. Aliajiriwa Novemba 2020, mwanamke wa kwanza kuwa meneja mkuu kwenye MLB, ligi kuu ya besiboli, baada ya kufanya kazi za ofisini kwenye besiboli miaka 30 hivi, White Sox, Yankees, Dodgers, ofisi za ligi, na kuitwa kwenye usaili wa umeneja mkuu mara nyingi mno anaambulia asante kwa kuja. Hapa Miami timu haina hela, mashabiki hawajai, na 2023 akaipeleka pleyofu, ushindi 84, mara ya kwanza tangu 2003 ukiacha ule msimu uliofupishwa na Korona 2020.

Wakatolewa na Philadelphia. Haikupita hata wiki mbili, mwenye timu Bruce Sherman akataka kuweka rais wa besiboli juu yake. Yeye alikuwa anaruhusiwa kubaki, mwenye timu alikuwa tayari kumwongezea mwaka. Akakataa, akaondoka.

Mi nilisikia uchungu sana siku ile. Miaka yote ile ya kusubiri mlangoni, umefunguliwa, umefanya kazi imeonekana, halafu unaambiwa kaa hapo hapo kuna mtu anakuja kukusimamia. Hivi kama umefeli wangefanya nini? Bora wangemwambia hatukutaki.

#9 MwanaChumbageni

Dada umenipa jambo ambalo nilitaka lije. Kim Ng na Alex wameondoka mwisho wa msimu mzuri kuliko yote waliyokuwa nayo. Hapo ndo panaponiuma. Timu ikiwa mbovu kumleta mtu wa juu kila mtu anaelewa, hata mhusika anaelewa.

Na hii ya cheo cha rais wa besiboli imekua sana miaka hii. Dodgers walimpa Friedman 2014, Cubs walimpa Theo Epstein 2011. Sababu moja ni utaratibu wao, timu ikitaka kumchukua mtendaji wa timu nyingine mwenye mkataba lazima iombe ruhusa, na kawaida ruhusa inatolewa kama anaenda kupanda cheo. Sasa ukitaka kumchukua meneja mkuu wa mtu unampandisha vipi? Unatunga cheo cha juu zaidi. Matokeo yake timu nyingi leo meneja mkuu ni mtu wa pili, jina limebaki kubwa ila kazi imeshuka. Kwa anayeanza anaingia anajua hivyo. Kwa aliyekuwa wa kwanza ndo unamwambia kuanzia Jumatatu wewe ni wa pili.

#10 Kop ya Igoma

Wakuu hapo kwenye Theo Epstein nimesikia jina. Si ndio Boston Red Sox wale wenye Liverpool yetu?

#11 MwanaChumbageni

Ndo hao hao mkuu. John Henry na wenzake walinunua Red Sox 2002, Liverpool wakainunua 2010. Na hao nao yaliwakuta.

Epstein alipewa umeneja mkuu Boston ana miaka 28. 2004 akabeba ubingwa Boston waliousubiri miaka 86. Rais wa klabu alikuwa Larry Lucchino, ambae ndo aliyemlea kikazi tangu Baltimore na San Diego. Sasa kijana amekua, anataka nafasi yake, mlezi bado anamwona kijana wake, na ukaongezea mambo ya nani anavujisha nini magazetini, hawakuelewana. Tarehe 31 Oktoba 2005 Epstein akajiuzulu, na akatoka Fenway Park, uwanja wao, kavaa vazi la sokwe ili waandishi wasimjue, ilikuwa sikukuu yao ile ya kuvaa mavazi ya kutisha.

Tofauti na Toronto ni kwamba mwenye timu alijitokeza. John Henry alikiri hadharani kwamba hakulisimamia jambo lile inavyotakiwa. Wakakaa, mipaka ikachorwa upya, Januari 2006 Epstein akarudi. 2007 akawapa ubingwa mwingine. Alivyoondoka 2011 alienda Cubs, 2016 akamaliza ukame wa miaka 108. Na Februari 2024 amerudi kwa hao hao kina Henry, safari hii akiwa na hisa ndani ya kampuni yenye Red Sox na Liverpool.

#12 Kop ya Igoma

Daah kumbe. Na Michael Edwards, yule mkurugenzi wa michezo, nae aliondoka Liverpool 2022 akarudishwa 2024 akiwa mkubwa zaidi. Hawa jamaa inaonekana walijifunza kumrudisha mtu.

#13 Wa Kisauni

Mimi nasoma hii nakumbuka kazi yangu. Nilikuwa nasimamia stoo ya kampuni moja Mombasa, miaka sita, mpangilio wote wa rafu ni wangu, madereva wananijua. Siku moja akaletwa jamaa, nikaambiwa wewe bado ndiwe msimamizi usijali, mshahara uko vile vile, ila kila oda lazima asaini yeye. Wiki ya kwanza dereva kasimama getini masaa manne mazima na lori la sukari kwa sababu mwenye kusaini ameenda Nairobi, na funguo ninazo mimi mfukoni. Dereva ananiangalia. Sikumaliza miezi miwili. Watu wa nyumbani waliniona mjinga, mshahara si uko pale pale. Nikawa sina la kuwaambia.

#14 MwanaChumbageni

Ndugu yangu, hilo lori la sukari ndo Alex mwenyewe. Funguo mfukoni na geti huwezi kufungua. Asante kwa kulileta, mi nimehangaika aya kumi.

#15 Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote. Hili la Los Angeles sikulijua na nalipokea, neno kiburi nalirudisha. Lakini niulize, Shapiro na mwenzake wameshinda au hawajashinda? Maana mwisho wa siku kazi hupimwa hapo. Na huyo Alex baada ya hapo kafanya nini?

#16 MwanaChumbageni

Swali zuri mzee, na jibu halijanyooka upande wangu.

Alex kwanza. Novemba 2017 Atlanta Braves walikuwa na kashfa ya kusajili watoto wa nje kinyume cha kanuni, meneja mkuu wao alishajiuzulu, wakampigia simu yeye. Kule alipewa kauli. 2021 nyota wao Ronald Acuña akaumia goti tarehe 10 Julai, msimu kwisha. Kufika kesho yake timu ina ushindi 44 vipigo 45. Mnaona hizo namba? Ni Toronto ile ile ya Julai 2015, yaani ipo ipo tu. Na akafanya kile kile. Ndani ya mwezi ule akachukua wapigaji wanne, Joc Pederson, Adam Duvall, Eddie Rosario na Jorge Soler, safari hii hakutoa vijana wa maana hata kidogo, wengine timu zao zilikuwa zinawaona mzigo. Rosario akawa mchezaji bora wa hatua ya kabla ya fainali. Soler akawa mchezaji bora wa World Series. Atlanta mabingwa, mara ya kwanza tangu 1995. Usiku wa mechi ya mwisho kule Houston Alex hakuwepo uwanjani, alikuwa na Korona, yuko nyumbani anaangalia kwenye TV kama sisi.

Toronto sasa. Shapiro alimleta Ross Atkins kutoka Cleveland kuwa meneja mkuu. Baada ya ile 2016 timu ikashuka miaka mitatu mfululizo, ushindi 76, halafu 73, halafu 67. Wakajenga upya. 2020, 2022 na 2023 wakaingia pleyofu na hawakushinda hata mechi moja, mara zote tatu. 2024 wakashika mkia. Hapo ningeandika uzi huu ningekuwa na maneno makali zaidi.

Ila 2025 wakaongoza kundi, ushindi 94, wakafika World Series dhidi ya Dodgers, na wakapoteza mechi ya 7 nyumbani kwa Toronto, 5 kwa 4, zamu ya 11. Kitu kidogo tu. Kikosi hicho kina kazi ya Shapiro na Atkins ndani yake, Bo Bichette walimchukua wao 2016, wamewekeza kwenye uwanja, kwenye kambi ya mazoezi kule Dunedin, hilo mtu mkweli lazima aliseme na mi nalisema.

Lakini mzee wangu, mchezaji aliyewabeba mpaka pale, aliyepewa mkataba wa dola milioni 500 mwaka huo huo wa 2025, ni Vladimir Guerrero mdogo. Mnajua nani alimsajili? Julai 2015, mwezi ule ule wa Tulowitzki na Price, kijana wa miaka 16, dola milioni 3.9, na kumpata ilibidi wazidishe kiwango walichopangiwa na ligi wapigwe adhabu. Ni Alex. Na kijana kazaliwa Montreal wakati baba yake anachezea Expos, mwaka uliofuata tu Alex akaingia klabu hiyo hiyo kupanga barua. Kwahiyo yule aliyesemwa kala mbegu zote za shamba, kabla hajaondoka alikuwa amepanda moja.

Kwahiyo wameshinda au hawajashinda? Mi nasema walifanikiwa, baada ya miaka kumi. Sijui kama walihitaji kumpoteza yeye ndo wafike.

#17 Binti wa Mikindani

Hapo kwa Vladdy umenitoa machozi kaka.

#18 Kijiko Kikubwa

Mkuu mi sijaijua besiboli bado ila nimewaelewa watu. Swali langu la mwisho, yule mzee wa mgahawa alichukuliaje Alex alipoondoka?

#19 MwanaChumbageni

Ile tarehe 29 Oktoba ilikuwa Alhamisi. Habari ilisomwa redioni sisi tunaandaa vitu vya mchana, mzee akaja jikoni, akasikiliza mpaka mwisho, akaizima. Hakuwahi kuizima ile redio, hata usiku inalala inaongea. Akamenya vitunguu na sisi mpaka wateja wakaanza kuingia, na yeye hakuwaga anamenya vitunguu.

Alishauza mgahawa siku nyingi, mi nami nimehama kazi, ila 2025 mechi ya 7 nilimpigia, tukawa tunaangalia kila mtu kwake simu iko sikioni. Toronto wanaongoza 4 kwa 3, zamu ya 9, wapigaji wawili tu wabaki kutolewa wawe mabingwa. Miguel Rojas wa Dodgers akapiga homurani ikawa sare. Mzee macho yamepungua, jina la mrushaji kwenye TV haoni vizuri, akaniuliza nani karusha ule mpira. Nikamwambia Hoffman. Akanyamaza, nikasikia anahema tu. Halafu akaniuliza, Hoffman huyu si yule mtoto Alex aliyemtoa kule Colorado tukampata Tulowitzki?

Nikamwambia ndo huyo huyo mzee, walimrudisha.